Tani tatu na nusu za muuzaji

Ingia yadi yoyote ya magari Dar es Salaam uulizie pikapu ya milango minne. Kabla hujamaliza kuizunguka utakuwa umeshaambiwa kwamba inavuta tani tatu na nusu. "Bosi, hii hata ukiifungia nyumba inaondoka nayo," muuzaji atasema huku anafungua boneti uone injini ilivyooshwa. Utatajiwa lita za injini, utatajiwa ulaji wa mafuta ambao hakuna dereva aliyewahi kuufikia, utawashiwa kamera ya nyuma. Jambo moja hutatajiwa: gari hilo linabeba kilo ngapi. Usipouliza, hakuna atakayekushangaa, maana karibu hakuna anayeuliza.

Mimi nasema hilo ndilo swali la kwanza, hasa kwa anayetafuta pikapu ya kuvutia tela. Na watu wa tela tunao wengi. Kampuni za utalii Arusha zinavuta tela zilizosheheni mahema, meza na majokofu kwenda Serengeti. Wakandarasi wanavuta jenereta na mashine za kuchanganyia zege. Mwanza na Bagamoyo wapo wenye boti. Wapo wenye muziki wa harusi na spika zao, wapo wafugaji wanaopeleka ndama mnadani, wapo waliofunga simtanki juu ya magurudumu mawili na kuuza maji mtaa kwa mtaa. Wengi wao walinunua gari kwa kuangalia nguvu ya kuvuta, na kinachowaishia mapema ni uwezo wa kubeba.

Sababu yake haihitaji digrii ya uhandisi. Tela yenye ekseli moja katikati, au mbili zilizokaa karibukaribu, haisimami yenyewe. Mkono wake wa mbele unalala juu ya chuma cha kuvutia kilicho nyuma ya gari, na uzito unaolala pale ni mzigo wa pikapu, haki sawa na mifuko ya saruji uliyoipanga kwenye bodi. Kanuni inayofuatwa sana Marekani ni kwamba mkono ulilalie gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Kwa hiyo tela ya tani mbili inaweka kilo 200 hadi 300 mgongoni mwa gari kabla dereva hajapanda. Ya tani tatu na nusu, hata kwa asilimia 10 tu, inaweka kilo 350. Hiyo ni mifuko saba ya saruji ambayo hukuipakia na wala huioni.

Tuchukue gari ambalo kila mtu analijua. Toyota Hilux ya milango minne, dizeli ya lita 2.8, inayosukuma magurudumu yote manne, giaboksi otomatiki, kwa vipimo vya soko la Australia baada ya maboresho ya mwaka 2020, ina uzito mtupu wa karibu kilo 2,100. Uzito inaoruhusiwa kufikia, yaani gari pamoja na kila kiumbe na kila kitu kilichomo, ni kilo 3,050. Tofauti yake, kilo 950 hivi, ndiyo ile "tani moja" tunayoisema mitaani. Kuvuta, inaruhusiwa kilo 3,500. Hapo muuzaji yuko sahihi. Lakini kuna namba nyingine ambayo haiandikwi kwenye bango: gari na tela kwa pamoja visizidi kilo 5,850.

Toa 3,500 kwenye 5,850. Inabaki 2,350. Gari likiwa tupu linachukua 2,100 kati ya hizo. Zimebaki kilo 250 za dereva, abiria, mabegi, jeki, tairi la akiba la pili, bampa la chuma ulilofunga kwa ajili ya ng'ombe wa barabarani, na keria uliyochomelesha juu ya paa. Wanaume watatu wenye afya zao na kreti mbili za soda wameshazimaliza. Igeuze hesabu upande wa pili: jaza gari hadi kilo zake 3,050, na tela unayoruhusiwa kuvuta inashuka hadi kilo 2,800. Muuzaji hakusema uongo. Alikupa namba ya gari tupu, ukaondoka nayo ukidhani ni ya gari lililojaa.

Vipimo hivyo hutofautiana kati ya soko na soko, hata kwa gari la jina moja na sura moja. Pikapu nyingi za mtumba tunazoletewa zinatoka Thailand, Uingereza na Afrika Kusini, na kila moja ina maandishi yake. Iliyotoka Uingereza ndiyo rahisi kuisoma. Fungua mlango au boneti utafute kibati chembamba chenye namba ya chesisi. Chini ya namba hiyo kuna mistari minne ya kilo. Wa kwanza ni uzito kamili wa gari. Wa pili ni uzito wa gari na tela yake kwa pamoja. Wa tatu, unaoanza na 1, ni uwezo wa ekseli ya mbele, na wa nne, unaoanza na 2, ni wa ekseli ya nyuma. Toa mstari wa kwanza kwenye wa pili, umepata uzito wa tela unayoweza kuvuta gari likiwa limejaa. Ni hesabu ya darasa la tatu, na kibati hicho kimebandikwa kwenye gari tangu siku lilipotoka kiwandani. Ninachokiona kwenye magari mengi ni kibati kilichopigwa rangi juu yake pale gari liliponyooshwa bodi.

Wamarekani, ambao ndio mabingwa wa kuvuta tela, walichelewa nao kukubaliana na namba hizi. Kwa miaka mingi kila kiwanda kilijipimia chenyewe na kujitangazia ubingwa. Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilitoa kanuni moja iitwayo J2807. Gari na tela vipandishe mlima wa Davis Dam kule Arizona, mwinuko wa karibu kilomita 18, wakati wa joto, kiyoyozi kikiwa wazi hadi mwisho, na mwendo wa pikapu za kawaida usishuke chini ya kilomita 64 kwa saa. Toyota ilianza kuifuata kwa Tundra ya mwaka 2011. Ford, GM na Ram walisitasita, kila mmoja akimsubiri mwenzake ashushe namba zake kwanza, hadi pikapu zao za mwaka 2015.

Ukiisoma kanuni hiyo vizuri utaona inachodhania. Ndani ya gari kuna watu wawili, kila mmoja kilo 68. Mkono wa tela unalalia asilimia 10. Hakuna watoto kiti cha nyuma, hakuna jokofu kwenye bodi, hakuna bampa la chuma. Ndiyo maana Ford waliweza kutangaza kwamba F-150 ya mwaka 2021 inavuta hadi kilo 6,350 na inabeba hadi kilo 1,508, na yote mawili yakawa kweli, ila kwa magari mawili tofauti. Inayovuta kiasi hicho ina injini na vifaa vyake, na inayobeba kiasi hicho ni nyingine kabisa, iliyofungwa vifaa maalumu vya mzigo. Asilimia 10 ya kilo 6,350 ni kilo 635. F-150 nyingi za kifahari, zenye viti vya ngozi na paa la kioo, zikishapakia familia hazina kilo 635 za kutoa.

Wenzetu hao wana kitu kimoja ambacho natamani tungekuwa nacho. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva wa kila gari jipya kuna stika inayosema kwa kilo na kwa paundi kwamba watu na mizigo kwa jumla wasizidi kiasi fulani. Kiasi hicho ni cha gari lile lile lililo mbele yako, pamoja na vifaa lilivyotoka navyo kiwandani, wala hakitoki kwenye kijitabu cha matangazo. Stika hiyo kwa sura yake ya sasa ilitokana na msiba. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone iliita tairi milioni 6.5 zirudishwe, nyingi zikiwa zimefungwa kwenye Ford Explorer, baada ya kuchanika barabarani na magari kupinduka. Vifo vilivyohusishwa na tairi hizo vilipita 200. Walibishana sana nani alaumiwe, kiwanda cha tairi au cha magari, lakini upepo mdogo, joto na mzigo vilikuwa katikati ya ubishi wote. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka huo huo, na kanuni za stika za tairi na mzigo zikaandikwa upya.

Turudi nyuma ya pikapu. Kuna jambo jingine linalofanya kilo za mkono wa tela ziwe ghali kuliko kilo za saruji. Chuma cha kuvutia hakiko juu ya ekseli ya nyuma, kiko nyuma yake, zaidi ya mita moja. Gari zima linakuwa bembea ya ubao, ekseli ya nyuma ikiwa ndiyo kigingi: ukikandamiza mkia, pua inanyanyuka. Kwenye Hilux, ekseli ya mbele na ya nyuma zimeachana milimita 3,085. Tuseme chuma cha kuvutia kiko mita 1.25 nyuma ya ekseli. Weka kilo 200 pale. Ekseli ya mbele inapoteza karibu kilo 80, na ya nyuma inabeba karibu 280. Kilo 80 zilizotoka mbele ndizo zilizokuwa zinakandamiza tairi za usukani na za breki zinazofanya kazi kubwa kuliko zote. Usukani unakuwa mwepesi, dereva anafurahi. Usiku taa zake zinamulika minazi badala ya barabara, na wewe unayekuja mbele yake unafumba macho.

Kwa hiyo inawezekana jumla ya gari iwe bado chini ya uzito kamili na ekseli ya nyuma iwe imeshapita uwezo wake. Tairi nazo zina kikomo chake, na kimeandikwa ubavuni. Baada ya vipimo vya kawaida, tuseme 265/65R17, kuna namba kama 112. Maana yake kila tairi inabeba kilo 1,120, ikiwa na upepo unaotakiwa na haijachoka. Ukiwa na tairi mbili nyuma, umepata kilo 2,240 na hakuna hata kilo moja ya nyongeza. Anayenunua tairi kwa kuangalia kipenyo na bei peke yake ana hatari ya kufunga yenye namba ndogo kuliko ile gari lilitoka nayo, na ekseli yake ikashushwa daraja na duka la tairi.

Madereva wengi wakishaona mkia umekaa chini wanapata dawa ya haraka: kusogeza mzigo nyuma ya tela. Mkono unakuwa mwepesi, gari linanyooka, picha inapendeza. Hapo ndipo wanapotoka kwenye tatizo la kuchakaza gari na kuingia kwenye tatizo la kuua watu. Tela yenye mkono mwepesi haitulii. Ikifika mwendo fulani, upepo wa basi linalopita au shimo dogo la upande mmoja linaianzishia kuyumba, kushoto, kulia, kila mara kwa upana zaidi, hadi inaishika pikapu na kuizungusha. Kiasi kikubwa cha mzigo, watu wa kazi husema karibu asilimia 60, kinatakiwa kiwe mbele ya ekseli ya tela. Basi umebanwa pande zote mbili. Ukiweka uzito wa kutosha kwenye mkono, unakula uwezo wa kubeba wa gari. Usipouweka, tela inayumba. Njia iliyobaki ni tela ndogo zaidi au gari kubwa zaidi, na kila hila nyingine inaahirisha tu siku ya hesabu.

Na tela ikishaanza kuyumba, kile ambacho mguu unataka kufanya ndicho kibaya. Usikanyage breki kwa nguvu, usipigane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, acha mwendo upungue wenyewe. Kama tela ina breki zake zinazoendeshwa peke yake, zibonyeze kidogo ili ivutike nyuma na kunyooka. Wengi hawana hizo.

Breki za tela zinastahili makala yake peke yake, lakini niseme moja. Ulaya, tela ikizidi kilo 750 ni lazima iwe na breki zake. Namba hiyo hiyo, kilo 750, ndiyo watengenezaji wengi wa pikapu wanayoandika kwa tela isiyo na breki, hata kwa gari lile lile walilolitangazia tani tatu na nusu. Sasa tembelea mafundi wetu wa kuchomelea. Tela inatoka pale ikiwa na ekseli ya gari bovu, chesisi ya bomba za mraba, taa mbili, rangi nzuri na maandishi ya kumshukuru Mungu. Breki hakuna. Inapakiwa tani na nusu, inafungwa nyuma ya pikapu yenye breki zilizotengenezwa kusimamisha gari moja, na inaondoka Iringa kushuka Kitonga. Anayeijua Kitonga anajua kwamba pale hata malori yenye breki za upepo huomba dua. Nani atashangaa pikapu ikifika chini breki zinanuka?

Sisi tunayo tiba yetu kwa kila gari lililokaa chini: fundi springi. "Tukuongezee majani mawili, mkuu, itasimama yenyewe." Na kweli itasimama. Gari linanyanyuka nyuma, mwenye gari analipa, wote wanaamini uwezo wa kubeba umeongezeka. Kilichoongezeka ni ugumu wa springi. Ekseli ni ile ile, bearing za magurudumu ni zile zile, breki hazikuguswa, na chesisi ndiyo sasa inapokea kila kipigo cha barabara bila springi kumeza chochote. Australia, ambako watu huvuta tela nzito kwenye barabara za vumbi, picha za pikapu zilizopinda chesisi nyuma ya kabini ni jambo linalojulikana, na nyingi huwa zimefungwa mifuko ya upepo au springi za kusaidia. Gari liliacha kukaa chini, mwenyewe akadhani limepona, akaongeza mzigo. Simlaumu fundi. Aliombwa anyanyue gari, akanyanyua.

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa nikasimame Kariakoo niangalie kirikuu. Nimesimama. Gari lile, Suzuki Carry au Daihatsu Hijet, huko Japani sheria inalifunga kwenye injini ya sentimita za ujazo 660, urefu wa mita 3.4 na mzigo usiozidi kilo 350. Ukiangalia mlango wa nyuma wa bodi, kwenye kirikuu ambazo hazijapakwa rangi upya, bado utaona mstari wa maandishi ya Kijapani na mwisho wake namba: 350 kg. Kirikuu inapita na namba yake mgongoni na mifuko ishirini ya saruji juu yake, tani nzima, karibu mara tatu ya ilichoandikiwa, na inafika Mbagala. Sasa, watasema, hizo namba zako si za Wajapani waoga tu?

Kirikuu inafika Mbagala kwa sababu inakwenda polepole katika foleni, haina tela ya kuisukuma kutoka nyuma, na haishuki mlima wowote wa maana. Hata hivyo waulize mafundi wa Kariakoo ni kirikuu ngapi zinaletwa kuchomelewa chesisi. Chuma hakivunjiki siku ya kwanza ya kuonewa. Namba ya kiwanda imezingatia mashimo, breki za ghafla, miaka ya kazi na dereva wa kawaida, na ndiyo maana inaonekana ndogo kwa mtu anayeangalia safari moja iliyofika salama. Pikapu yenye tela kwenye barabara kuu, kilomita 100 kwa saa, haina nafasi ya kusamehewa ambayo kirikuu inaipata kwenye foleni ya Mbagala.

Tatizo jingine ni letu kabisa. Hatujui mizigo yetu ina uzito gani. Saruji tunaijua, kilo 50 kwa mfuko. Maji ni mepesi kuhesabu: lita moja ni kilo moja, kwa hiyo simtanki la lita 1,000 ni tani nzima, bila tangi lenyewe. Dizeli ni nyepesi kidogo kuliko maji, pipa la lita 200 likijaa ni zaidi ya kilo 180 ukiweka na chuma chake. Lakini mazao tunayahesabu kwa gunia, na gunia letu lina tabia zake. Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipigana na lumbesa miaka na miaka, kwa sheria na kwa kampeni, kwa sababu gunia linaloitwa la kilo 100 hushindiliwa na kushonewa kofia hadi likapita mbali kiwango hicho. Mkulima anaibiwa, hilo linasemwa sana. Lisilosemwa ni kwamba dereva naye anadanganywa. Anayehesabu "magunia sita tu, kilo mia sita" anaweza kuwa na mia nane, na zilizozidi ziko juu kabisa, kwenye kofia, mahali pabaya kuliko pote kwa gari linalokata kona.

Sheria haimsaidii. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inahusu magari yenye uzito kuanzia tani 3.5. Ilitungwa kulinda lami, na lami inaharibiwa na malori. Inaeleweka. Lori la ekseli saba linasimamishwa, linapimwa hadi ekseli ya mwisho, likizidi tani 56 linalipa. Pikapu yenye uzito kamili wa kilo 3,050 inapita pembeni ya mizani ikiwa imekaa chini nyuma, pua juu, na hakuna anayeiuliza. Trafiki mbele ataangalia leseni, bima, kizima moto na pembetatu. Hana kifaa cha kumwonyesha ekseli ya nyuma imezidi kilo mia nne. Watu waliomo ndani wanaachiwa wajilinde wenyewe.

Wanaweza kujilinda, na kwa vifaa vilivyopo. Mkono wa tela unapimwa kwenye ghala lolote la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, lenye mizani ya jukwaa, ile ya kupimia korosho au pamba. Ipakie tela kama itakavyosafiri. Iegeshe mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, ifungue kwenye gari. Weka gogo juu ya jukwaa la mizani, lenye urefu wa kufanya mkono ukae kimo kile kile unachokaa ukiwa umefungwa kwenye pikapu, kisha ushushe mkono juu ya gogo. Soma. Toa uzito wa gogo. Mwenye ghala atacheka mara ya kwanza. Ukipata kilo 90 kwenye tela ya tani mbili, rudi upange mzigo upya, maana hiyo itayumba. Ukipata 320, angalia kibati cha gari lako kabla hujaifunga tena, na angalia pia kikomo kilichogongwa kwenye chuma chenyewe cha kuvutia.

Kwa gari zima inatakiwa mizani ya magari, na nchi hii inazo nyingi kuliko tunavyodhani: kwenye viwanda vya sukari, vinu vya kuchambulia pamba, machimbo ya kokoto, wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu. Mwombe mwenyewe, mlipe kidogo. Panda na kila kitu: watu wote, mafuta yamejaa, tela imefungwa. Kwanza magurudumu ya mbele peke yake juu ya mizani, kisha gari lote, tela ikiwa bado imefungwa ila magurudumu yake yako nje ya mizani, kisha na tela. Ukitoa kipimo cha kwanza kwenye cha pili unapata ekseli ya nyuma. Linganisha na mistari minne ya kibati. Ni robo saa.

Wengi watakaofanya hivyo watagundua kwamba kazi yao si ya pikapu. Nasema bila kupepesa: mtu anayevuta tani tatu kila wiki na kubeba watu watano anahitaji lori dogo kama Canter ya kabini mbili, na akiipata itamtunzia hela. Tunanunua pikapu ya milango minne kwa sababu inapendeza kanisani, msikitini na kwenye vikao vya harusi, halafu tunaituma kazi ya lori. Ile kabini ya pili tuliyoilipia zaidi ndiyo iliyopunguza kilo za kubeba. Ya milango miwili, ya jina hilo hilo, hubeba zaidi. Mwenye tela ya boti ndogo au jenereta la kawaida, chini ya tani moja na nusu, yenye breki zake, huyo pikapu inamtosha vizuri na asitishwe na mtu.

Kwa serikali nina ombi moja, na halihitaji sheria mpya wala faini mpya. TANROADS, wakala wa barabara, wana mizani kwenye barabara kuu nyingi, na wafanyakazi wake wapo hata siku ambazo malori ni machache. Waruhusu pikapu na tela zipimwe bure kwa hiari, tuseme Jumamosi asubuhi, dereva apewe karatasi yenye uzito wa kila ekseli aende zake bila kuulizwa kitu. Na wewe unayekwenda yadi wiki ijayo, kabla muuzaji hajafungua boneti, mwambie akuonyeshe kibati.